Punje za Wali Kiganjani

Kwa mara ya kwanza shomoro alitua kwenye kiganja cha binti mshonaji, naye akazuia pumzi.

Alikuwa amekaa nyuma ya karakana ya ushonaji, juu ya ndoo iliyopinduliwa, bakuli la wali mapajani. Siku aliyoanza kazi, mafundi wenzake walimkaribisha kwenye sinia lao. Kwa haya akajibu, "Asanteni, nimeshiba," huku tumbo likimnguruma. Alidhani watamsihi kidogo, kama watu wafanyavyo. Hawakumsihi, wala hawakumwita tena. Tangu hapo alikula na ndege.

Kucha za shomoro zilikuwa nyembamba kama ncha za sindano, lakini hazikuchoma. Akadonoa punje moja, akainua kichwa, akamtazama.

Mlango ukafunguliwa nyuma ya binti.

"We Bubu!" aliita dada mkata vitambaa, kwa jina walilombandika karakanani. "Njoo tule bwana. Au na leo umeshiba?"

Akijibu, ndege ataruka. Alikuwa amembembeleza siku nyingi, akimsogezea punje karibu, na karibu zaidi. Akanyamaa kama maji mtungini.

"Mwache na maringo yake," ilisema sauti kutoka ndani.

Ndala za dada zikageuka, zikaanza kuburuzika kurudi.

Shomoro akadonoa tena.

"Dada!" Sauti ilimtoka kubwa, hata mwenyewe akashtuka. Bakuli likaanguka, kiganja kikabaki kitupu. "Dada, nina njaa!"

Ndala zikasimama.