Mistari ya Udongo

Germana alikuwa amekuja Karatu mjini kununua dawa ya mbuzi, akaona watalii wamejaa ndani ya duka la zawadi. Alisogea mlangoni kuchungulia. Aliyekaa katikati yao, waya mkononi, alikuwa mdogo wake.

Waya ulipita katikati ya bonge la udongo, na mistari ikajitokeza, myekundu na myeupe, kama mgongo wa pundamilia. Mistari ile ilikuwa ya Germana. Yeye ndiye aliyegundua jinsi ya kulaza udongo tabaka juu ya tabaka, ili rangi ipenye bakuli ndani na nje. Alimfundisha mtu mmoja tu.

Na mtu huyo alikuwa amemwambia kwamba duka hili limevikataa vyombo vyao.

"Nani alikufundisha?" aliuliza kijana wa duka aliyekuwa akiongoza wageni.

"Dada yangu," alijibu mdogo wake, akilainisha ukingo kwa kidole gumba, taratibu, vilevile alivyofundishwa. "Alishafariki."

Kijana alitafsiri. Mama mmoja wa Kizungu alijishika kifua. Mdogo wake aliinamisha kichwa kwa huzuni nzuri kiasi kwamba Germana mwenyewe nusura amhurumie.

Kisha akainua macho, wakaonana. Kidole kikazama kwenye udongo.

"Shikamoo mama, karibu," kijana alisema. "Tukusaidie nini?"

"Marahaba, mwanangu." Germana alijifunga khanga yake vizuri, akaingia. "Nimesikia mna msiba. Nimekuja kutoa pole."