Sanda ya Dahi

Dahi alishuka kwenye mkokoteni wa punda mwanzo wa kijiji, akavua viatu, akapokea sanda yake kutoka kwa mkewe. Akailaza juu ya mikono miwili, kisu juu yake, akaanza kutembea peke yake katikati ya barabara. Jua la adhuhuri lilikuwa linachoma. Juu ya mapaa watu walijaa tele, hata wale walioapa kwamba hawatamtazama tena usoni.

Kwetu anayebeba sanda yake namna hiyo hana mengi ya kusema. Anawaendea wenye damu, jamaa za aliyeuawa. Wakiipokea, wamemsamehe, wakiikataa, wamchinje hapohapo. Wa kuamua siku hiyo alikuwa Mama Khalaf, kwa kuwa mumewe alikufa zamani na aliyeuawa alikuwa mwanawe wa kwanza.

Khalaf alikutwa ndani ya miwa miaka miwili nyuma, amepigwa jembe kisogoni. Wiki hiyohiyo alikuwa amegombana na Dahi kwa ajili ya zamu ya maji, na kijiji kizima kilimsikia Dahi akimwambia kwamba atamzika kabla ya mavuno. Tulitaka ushahidi gani tena? Dahi aliapa mpaka sauti ikamkauka. Askari walikuja, wakaandika, wakanywa chai, wakaenda zao.

Aliyeuawa hawekewi matanga kwetu mpaka kisasi kilipwe. Lakini siku ya tatu Mama Khalaf alitandika mikeka mlangoni apokee rambirambi, kama mtu ambaye mwanawe amekufa kwa homa. Shemeji yake Kinawi aliipiga mikeka teke.

"Shemeji, unataka wanaume wa nyumba hii tujitande mitandio?" alimwambia mbele za watu. "Rifai yupo. Damu ya ndugu italipwa na ndugu."

Rifai ndiye mwana aliyebaki, kijana wa miaka ishirini. Tangu siku ile alikonda, akawa hali chakula, akisikia jina la Dahi anainuka na kutoka. Tulisema hasira inamla, na tukampenda kwa hilo. Kinawi alimpa bunduki. Mama yake aliitazama ile bunduki ikiwa imeegemezwa ukutani, na alijua mwisho wake: Rifai atamuua Dahi, jamaa za Dahi watamuua Rifai, na yeye atabaki na kuta.

Alimwendea shehe, akamwomba suluhu. Wazee walikwenda na kurudi miezi minane. Mwisho wakakata shauri: Dahi abebe sanda, na akisamehewa ahame na watu wake kabla ya Ijumaa, asirudi tena. Dahi alikubali. Alikuwa na watoto watatu ambao hawakuwa wamekanyaga nje miaka miwili kwa kuogopa risasi.

Kwa siku arobaini kabla ya siku hiyo, Mama Khalaf alifunga na kuswali. Shehe alimkuta msikitini upande wa wanawake, paji la uso chini, akimwomba Mungu ampe nguvu, ulimi wake usimwangushe mbele za watu. Shehe alitoka akifuta machozi, akatusimulia. Kuanzia hapo sote tulimwombea aushinde uchungu wake. Mzigo ule, tulisema, hakuna binadamu anayeuweza bila Mungu.

Dahi akafika, akapiga magoti. Kama desturi ilivyo, Rifai alikichukua kile kisu juu ya sanda, akakiweka shingoni mwa Dahi, akangoja neno la mama yake. Kisu kikamponyoka, kikadondoka mavumbini. Kinawi alikiokota, akamrudishia, akamnong'oneza tusi.

Dahi hakumtazama Rifai. Alimwinulia macho mama.

"Mama Khalaf, nimekuja na Mungu peke yake," alisema. "Yeye anajua. Namwachia Yeye."

"Mpaka sasa hakubali," Kinawi alisema, akatema mate. "Haya, shemeji. Neno ni lako."

Mama Khalaf alifungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Alimtazama Rifai. Akamtazama yule aliyepiga magoti, na jasho likimchuruzika mpaka kwenye ncha ya kisu. Akafungua mdomo mara ya pili, akaufunga. Mke wa Dahi alianza kulia kule nyuma. Nami niseme kweli, nilidhani tunamchinja.

"Nimekusamehe," alisema mwishowe, kwa sauti ambayo walioko juu ya mapaa hawakuisikia. Akaipokea sanda.

Vigelegele vikapasuka. Kondoo akachinjwa badala ya mtu, na wanaume walioviziana miaka miwili wakakumbatiana. Shehe alimwambia Mama Khalaf kwamba Mungu amejibu, amempa nguvu na amempa ushindi, na kwamba wajukuu zetu watamtaja. Dahi hakungoja chakula. Kabla ya alasiri nyumba yake ilikuwa tupu, na watoto wake watatu walipita juu ya mkokoteni wakishangaa barabara.

Mama Khalaf hakuionja nyama ile. Aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, akasujudu. Rifai aliketi nje, mgongo ukutani, akamsikia anavyolia.

"Siku arobaini, Mola wangu, nimekuomba nguvu ya kumtaja aliyemuua Khalaf," alisema. "Leo amesimama mbele yangu na kisu mkononi, mtoto wa tumbo langu, na nimeshindwa."