Matundu ya Mchicha

Sheria ilitaka kila jani la mboga liwe na tundu la kiwavi. Jani zima lilikuwa ushahidi wa sumu, na ndoo iliyooteshwa mboga hiyo ilichukuliwa. Basi kila asubuhi Bi Zuhura alitoboa mchicha wake roshanini kwa sindano ya magunia, kisha akamwazima jirani sindano hiyo.

Siku moja afisa wa ukaguzi akaja, akainamia ndoo, akatabasamu. "Hongera, mama. Viwavi wako wameshiba."

Zuhura akamtazama kwa dharau. Lijitu zima, na sare yake, halijui tundu la sindano!

Afisa akashusha sauti. "Samahani, mama. Hivi kiwavi anafananaje?"

Zuhura akasonya, akafungua kinywa amweleze mjinga huyu, kisha akakifunga taratibu. Naye hakuwahi kumwona hata mmoja.