Kifungua Mimba

Katika kanisa lao, Jumapili ya mwisho ya Majilio, ukoo wa Yesu husomwa na kifungua mimba. Fundi cherehani alikuwa ameusoma miaka kumi na tisa, hata wadogo zake wakamtania kwamba anaujua kuliko Mathayo mwenyewe.

Asubuhi hiyo mama yake alimkabidhi Biblia yake kuukuu, ile isiyoguswa na mtu. "Leo soma kwenye yangu."

Alipofika kwa Rahabu, ulimi ukagoma.

Pembeni mwa jina hilo, kwa wino uliofifia, mama alikuwa ameandika watoto wake wote na tarehe walizozaliwa. Fundi alijikuta wa pili. Juu yake palikuwa na jina la msichana aliyemzidi miaka mitatu.

Akainua macho. Benchi la mbele, mama yake alikuwa amesimama. Mkongojo ulikuwa umeanguka, wala hakuuinamia.

"Lisome na hilo, mwanangu. Kwa sauti. Nimelimeza miaka hamsini."

Akalisoma.

Kutoka nyuma kabisa, karibu na mlango, sauti ya mwanamke ikaitika:

"Abee."