Vishimo vya Nge Mweusi

Haya ni kweli tupu, naapa, na mbishi aende Puebla akaulize: Nge Mweusi alipovuliwa kinyago mbele ya watu elfu tatu, ukumbi mzima ulisema, "Jamani, mzuri!"

Alikuwa na vishimo mashavuni.

Miaka kumi na tisa alikuwa mwovu wa mieleka pale mjini. Aliwatemea watu soda, aliwatia wenzake vidole machoni, na watu wakamzomea kwa raha zao. Kushindwa pambano moja tu, kinyago kwa kinyago, lile ambalo anayeshindwa huvuliwa chake, kukammaliza.

Jumapili iliyofuata alimkaba mwamuzi. Watu wakacheka. Akamnyang'anya Doña Crescencia, yule bibi aliyezoea kumtwanga mwavuli kila wiki, tamale yake ya moto, andazi la mahindi lililofungwa kwa maganda, akaila na maganda yake. Bibi akamfinya shavu.

"Kula, mwanangu. Umekonda."

"Mimi ni muuaji, bibi!"

"Ndiyo, baba. Futa mdomo."

Don Hermilo, mwenye ukumbi, akamvuta pembeni.

"Eleuterio, watu huja hapa kuchukia. Wiki ijayo wasipokuzomea, huna kazi. Na usitabasamu!"

"Sitabasamu, Don."

"Hivyo hapo vishimo!"

Jumapili ikafika. Akapanda ulingoni, akawatukania mama zao. Wakampigia makofi. Akaitukana timu yao ya mpira. Wakakubaliana naye. Kule mlangoni Don Hermilo alishaanza kutikisa kichwa. Miaka kumi na tisa, hiyo inakwenda na maji! Eleuterio akanyakua kipaza sauti.

"Watu wa Puebla! Mole wenu, huo mchuzi wa pilipili na chokoleti mnaoringia dunia nzima, haukuanzia hapa. Ulianzia Oaxaca, kwa majirani zenu. Na wa kule ndio mtamu!"

Mtu akaangusha bia.

Kisha paa likataka kung'oka. Vikaruka vikombe, viatu, mito ya kukalia. Doña Crescencia alipanda ulingoni bila kushikwa mkono. "Shetani! Na tamale yangu uitapike!" Ilibidi polisi wanne wamtoe Eleuterio akiwa hai.

Kwenye chumba cha kubadilishia nguo, Don Hermilo alimkumbatia huku akilia kwa kicheko.

"Umerudi, mwanangu! Mimi damu ya Puebla tangu babu wa babu, na uongo kama ule nisingethubutu hata kuuota. Uliutoa wapi?"

Eleuterio akamtazama kwa mshangao.

"Uongo upi, Don?"

Don Hermilo akaacha kucheka. Akaenda akafunga mlango, kisha, taratibu, akakikunja kiti cha chuma na kukishika kama rungu.