Kipima Mionzi cha Bei Nafuu

Muuza duka alikiwasha kile kipima mionzi, akakiweka juu ya kaunta. Kimya.

"Mbona ni kizima, mama?"

"Nyumbani hakinyamazi," nikamwambia. "Kinalia tu, chumba hadi chumba."

Tangu uvumi wa mtambo wa nyuklia kuvuja, kila nyumba inatafuta kipimo. Sisi tulichukua cha bei nafuu.

Mume wangu, mnunuzi wa vyuma chakavu, alikuwa amesimama mlangoni na mtoto begani. "Nilikwambia, mama watoto, rahisi ghali." Akaja kaunta akicheka.

Kipimo kikaanza kulia.

Muuza duka alikisogeza taratibu kwenye mguu wa mtoto, kisha tumboni, kisha mkononi. Hapo mlio ukawa mmoja, usiokatika.

Mkononi palikuwa na bangili. Mume wangu aliifua mwenyewe kutokana na kipande cha chuma alichotoa kwenye mashine mbovu ya hospitali, kizito, kisichoshika kutu. Chini yake ngozi ilikuwa imebabuka. Tulikuwa tunaipaka mafuta, tukidhani ni joto.

"Ivueni," muuza duka alisema, huku akirudi nyuma.

Mume wangu aliishika ile bangili.

"Nyingine nilimpelekea dada," akasema. "Amejifungua juzi."