Mnara wa Kukisia

Bibi Tusekile alivuta kitambaa, waumini wakapiga makofi, naye akabaki analitazama kanisa asilolijua.

Walimchagua azindue picha ile kwa kuwa hapa Kisondela hakubaki mwingine aliyesali katika kanisa la zamani kabla mvua haijaliangusha. Mchoraji, kijana wa mjini, alikuwa amelichora kwa mawe meupe, na mnara mrefu wenye kengele. Nakala mia mbili zilishachapishwa.

"Mnara huu ulikuwa wapi?" Tusekile alimuuliza mchoraji aliyesimama kando.

"Nimekisia, bibi. Makanisa ya wakati ule yalikuwa hivyo."

"Ulimuuliza nani?"

Mchoraji akacheka kidogo, akarekebisha tai.

Kanisa lile lilikuwa la udongo na nyasi. Baba yake Tusekile ndiye aliyekanda udongo na kuukandika, na alama za vidole vyake zilibaki ukutani karibu na mlango. Utotoni, mahubiri yakiwa marefu, Tusekile alikuwa akipachika vidole vyake humo kimoja kimoja.

Pichani, mlangoni alisimama Mzungu mwenye kofia. Nyuma yake mtu mweusi asiyechorwa uso alijitwisha sanduku.

"Na huyu ni nani?"

"Ni mtu tu, bibi. Wa kujaza nafasi."

Mchungaji aliona mambo yanaharibika, akamnong'oneza bibi afunge kwa sala.

Tusekile akawageukia watu, akafumba macho. Kanisa zima likainama.

"Baba Mungu," alisema kwa sauti kavu, "tunamleta kwako kijana huyu. Mjalie aibu."